Maiti Namba 124

Walimuua Desderi, askari wetu, mlangoni kwa sababu alichelewa kuweka bunduki chini. Hakukataa, alichelewa tu. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, ukungu umeuziba mlima wote, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nilisikia mlio mmoja, kitu kizito kikaanguka kwenye ngazi za zege, halafu sauti ya mwanamume ikasema, "Msogeze mguu, mlango haufungi."

Waliingia wawili. Wa mbele alikuwa mfupi, mwenye mvi, amevaa sweta la kijani lenye viraka kwenye viwiko, bastola mkononi. Wa nyuma alikuwa pande la mtu, ameweka nyundo ya kuvunjia mawe begani kama anayerudi shamba na jembe lake. Wote walikuwa wameloa hadi mapajani. Kutoka bondeni hadi Kituo cha Itwiko ni saa nane za kupanda, kwa hiyo walikuwa njiani tangu alfajiri.

"Mkuu hapa nani?" akauliza mfupi.

"Mimi," akasema Mzee Egidi bila kuinuka kitini. "Na nyie ni nani mnaingia bila hodi?"

"Naitwa Sikazwe. Huyu shemeji yangu, Malongo. Tunatoka Kisanda. Kuna ujumbe namba mia na kumi na nane kwenye foleni yako. Ufute."

"Hapa hatufuti."

"Mzee, sijapanda mlima huu kuja kubishana."

"Basi umepanda bure. Hapa tunapokea, tunatunza, tunapeleka. Hiyo kufuta unayoitaka wewe..."

Sikazwe akampiga risasi ya tumbo. Mzee Egidi aliliangalia shati lake kama mtu aliyemwagikiwa chai, kisha akateleza taratibu kutoka kitini mpaka sakafuni.

"Sasa mkuu ni nani?"

Niliweka kikombe mezani. "Mimi. Dafroza Kapele. Na kabla hujanipiga na mimi, niache nimfunge huyu tumbo. Kuna kazi za mashine hii zinazotaka watu wawili walio hai."

Alinipisha. Nimezaa watoto watatu na kuzika mmoja, najua kufunga kidonda wakati wengine wanatetemeka. Nilichana pazia, nikakunja, nikakandamiza. Damu ilikuja nyeusi na nzito. Nilijua maana yake, na Mzee Egidi alijua vilevile.

"Usiwape kitu, Mama Skola," akasema.

"Nyamaza. Bana hapa kwa mkono."

* * *

Tangu setilaiti za mwisho zigongane na anga kujaa vyuma chakavu, maneno yanasafiri kilima hadi kilima. Kutoka mjini hadi kwetu kuna waya. Kutoka kwetu hadi Kisanda, chini bondeni, kuna mwale wa nuru tu, na mwale hauvuki ukungu mzito. Kwa hiyo kila kinachotoka mjini kinalala kwetu, kwenye foleni ya hapa, ndani ya kabati la mashine, mpaka hewa isafike. Tukishakipokea tunawaambia mjini "nimepokea", nao wanafuta nakala yao. Kuanzia hapo mzigo ni wetu. Tunausukuma kwenye foleni ya ng'ambo, tunasubiri Kisanda nao waseme "nimepokea", ndipo na sisi tunafuta. Bila neno hilo hatufuti hata dunia ikiungua. Nilisomea stashahada miaka mitatu ili nijifunze jambo ambalo unaweza kumweleza mtoto huku ukimfunga kamba za viatu.

Huko Kisanda kuna nyumba ya pampu, mali ya Kampuni ya Mifereji. Watu wa bonde waliiteka wiki iliyotangulia, baada ya kampuni kufunga maji mpunga ukiwa unachanua. Walikuwa mia tatu na arobaini, na watoto wao. Mita mia mbili kutoka hapo, kwenye zizi la kampuni, walikuwapo fisi kumi na wanne. Si wanyama. Ni mashine za miguu minne zenye taya za msumeno. Jina walipewa na wenyeji kwa jinsi wanavyotembea, mabega juu, nyuma chini.

Fisi wanatii amri yenye muhuri na namba, basi. Ikifika Kisanda inapita yenyewe hadi zizini, opereta hawezi kuizuia. Namba zinaanza moja kila alfajiri. Ukiruka moja, foleni ya ng'ambo inajifunga, na haifunguki mpaka wakaguzi watatu wafike na funguo zao, jambo linalochukua siku kumi na moja. Ukifungua bahasha ili usome, muhuri unavunjika na Kisanda inaikataa. Sheria hizo ziliwekwa baada ya mtu kupenyeza amri ya uongo iliyoua kijiji kizima. Ni sheria nzuri. Nilizisimamia kwa moyo wote kwa miaka kumi na tisa.

"Mia na kumi na nane ni amri ya kufungulia fisi," akasema Sikazwe. "Karani wa kampuni alitutonya jana. Walipanga kuituma leo."

"Inawezekana. Mimi naona bahasha tu. Rangi nyekundu, kutoka kampuni, kwenda zizini."

"Ifute."

"Mwalimu," nikasema. Sweta lile na namna alivyoshika bastola kama chaki vilinifanya nibahatishe, na sikukosea, maana aliinua macho. "Sikiliza vizuri, nitasema mara moja. Saa nane kasoro dakika kumi ukungu ulipasuka kwa sekunde kumi na moja. Mashine ilituma 118. Kabla risiti haijarudi, ukungu ukafunga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui kama imefika."

"Iko hapo kwenye kabati, umesema mwenyewe."

"Nakala iko hapa kwa sababu sijaambiwa 'nimepokea'. Inawezekana iko hapa na kule pia."

"Ujumbe mmoja hauwezi kuwa sehemu mbili," akasema Malongo. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake, nyembamba kuliko nilivyotegemea.

"Unaweza. Kama haikufika, nikituma tena inafika mara ya kwanza. Kama ilifika, Kisanda wanaona namba ileile na kuitupa. Ila wewe hapa juu huwezi kujua mpaka wa ng'ambo akujibu."

Malongo alimgeukia shemeji yake. "Anatuzungusha huyu. Nivunje kabati?"

"Na kuna 131," nikaendelea kabla Sikazwe hajamjibu. "Nyekundu, kutoka kampuni, kwenda zizini. Iliingia saa nane na dakika tano, baada ya ile. Inaweza kuwa ya kusimamisha."

"Au ya kuchoma nyumba."

"Au hiyo. Nikiifungua ili tujue, haitapokelewa. Mkivunja kabati, zote zinakufa, na kama fisi wametoka hakuna wa kuwarudisha kwa siku kumi na moja."

Sikazwe akajifuta uso kwa kiwiko cha sweta. "Wewe inakuhusu nini? Mshahara wako unatoka wapi?"

"Binti yangu yumo ndani ya hiyo nyumba ya pampu. Skolastika. Nesi."

"Yule mwembamba? Mwenye mwanya?"

"Huyo."

"Alimzalisha mke wangu mwezi wa nne." Akasema kwa sauti ya mtu anayepokea habari ya msiba. "Mke wangu yumo humo na mtoto."

"Basi tuko mstari mmoja. Acha nipige hodi."

* * *

Kwenye kazi yetu hodi ni hodi. Unapiga mara tatu kwa mwale, na kama wa ng'ambo yupo anajibu karibu, na pamoja na karibu anataja namba ya mwisho aliyonayo. Hutumi kitu kabla hujasikia hiyo namba. Usipojibiwa mara tatu, unarudi nyuma na kusubiri. Kichaa yeyote anaweza kulirusha neno hewani. Sisi tunalipwa kwa huku kusimama mlangoni.

Saa tisa na dakika kumi na mbili nilianza kuona nguzo ya uzio dirishani, ya kwanza, kisha ya pili. Ukungu ulikuwa unachanika. Nyuma yake, chini kabisa ukingoni mwa mlima, mwingine ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mweupe na mnene. Nilikadiria dakika nne kati ya huu na ule, tano tukibahatika.

Nilikaa kwenye kiti cha Mzee Egidi. Kilikuwa bado cha moto na kimelowa.

"Asiguse hicho kitu," akasema Malongo. "Sikazwe, asiguse. Akishapata nafasi anatuma amri, wanakwisha kule. Tulikubaliana nini?"

"Subiri kidogo, shemeji."

"Tulikubaliana nini? Tumeua mtu pale nje, tumekuja tuvunje, tuvunje."

"Amesema anapiga hodi tu."

"Amesema." Malongo akavuta nyundo kutoka begani na kwenda kwenye kabati la foleni. Ni kabati la bati, urefu wa mtoto wa miaka kumi. Pigo la kwanza lilikunja mlango wake hadi ndani na taa sita kati ya tisa zikazimika.

Sikufikiri. Wanaosema walifikiri wanadanganya. Nyuma ya mlango kuna nondo tunayoitumia kama komeo, kipande cha futi tatu, ncha yake imechongoka kwa sababu huwa tunachimbia vigingi. Niliinyakua wakati anainua nyundo mara ya pili, nikaichomeka chini ya sikio kwa mikono miwili na uzito wangu wote, na mimi si mwepesi. Iliingia kwa shida, halafu ikaingia kwa urahisi. Nyundo ilimdondokea mwenyewe mguuni. Akageuka akaniangalia, kama anayetaka kuniuliza kitu, akanishika bega. Tulianguka pamoja. Alipiga teke kabati, akapiga teke meza, akanikaba kwa mkono mmoja, na ule mkono ulikuwa na nguvu zote alizozaliwa nazo. Nilizungusha nondo. Nilihisi kitu kikikatika ndani, mkono ukalegea.

Nilitambaa kutoka chini yake. Mdomoni nilikuwa na damu isiyo yangu.

Sikazwe alikuwa amenielekezea bastola usoni.

"Huyo ni mdogo wake mke wangu," akasema.

"Pole. Piga, au niache nifanye kazi. Zimebaki dakika tatu."

Hakupiga. Nikakaa, nikafuta kiganja kwenye sketi, nikapiga hodi.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu niliipiga polepole zaidi, na kule chini, kwenye kijitobo cha kijani katikati ya ukungu, nuru ikajibu. Opereta wa Kisanda, mwenye chumba chake humo humo kwenye nyumba ya pampu, anaitwa Kreventina. Sijawahi kumwona uso, lakini namjua kwa mkono wake, jinsi anavyokata nuru fupifupi kama mtu anayepalilia. Kila jibu linaruhusiwa maneno machache ya ukingoni. Maandishi yalitokea kwenye kioo:

KARIBU. NINA 118. FISI WAKO NJE. WANAKATA MLANGO WA CHUMA. HARAKA.

Sikazwe aliyasoma juu ya bega langu. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutotoka.

"Ilishafika," akasema.

"Tangu saa nane kasoro."

"Tulikuwa bado njiani."

"Ndiyo."

"Yule askari mlangoni. Mzee huyu. Malongo." Hakumalizia. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, bastola mapajani, miguu imenyooshwa kama ya mtoto.

Sikuwa na muda wake.

* * *

Kabati lilikuwa limekunjika lakini foleni ilikuwa hai. Nikafuta 118, kwa kuwa sasa ilikuwa na risiti. Nikatuma 119. Risiti. 120, 121, 122, 123, zote bahasha fupi za watu, pengine bei za mchele, pengine salamu za ndoa. Sekunde ishirini na mbili kwa jumla.

Kisha 124.

Bahasha nyeupe yenye mstari wa bluu. Tiba. Kutoka hospitali mjini, kwenda zahanati ya Kisanda, ng'ambo ya pili ya mto, mbali na nyumba ya pampu. Ukubwa wake ulitosha kuniambia ni picha, za aina ambayo daktari huziomba mgonjwa akiwa mezani. Kioo kikanipa makadirio kwa hewa ile: dakika sita na nusu.

Nilitazama dirishani. Ukungu wa pili ulikuwa umeshameza mti wa kwanza chini ya uzio. Ukifunga katikati ya 124, inaanza upya mwanzoni. Na 131 ingekaa nyuma yake, pamoja na mlango wa chuma uliokuwa unakatwa.

"Ruka hiyo," akasema Sikazwe kutoka sakafuni.

"Hairukwi. Nimekwambia, foleni ya ng'ambo itajifunga."

"Sasa?"

Kuna njia moja. Ujumbe ukiharibika kiasi cha kutosomeka, kituo kinaruhusiwa kutuma ganda tupu lenye namba yake, ili walio nyuma wapite. Tunaliita maiti. Linataka vidole gumba viwili vya watu wawili walio zamu, na kila kidole kinaapa kwamba ujumbe ulikufa wenyewe. Mashine inapima damu inayotembea, ili mtu asitumie kidole cha aliyekufa. Ikishapata vyote viwili inachoma ujumbe halisi palepale, maana namba moja haiwezi kuwa na miili miwili. Na mjini walishafuta yao, kwa sababu mimi mwenyewe, saa tano asubuhi, niliwaambia nimepokea. Nakala ya 124 ilikuwa moja tu duniani.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa.

Niliweka kidole changu gumba kwenye kioo. Kikasoma, kikakubali. Nikachomoa kisomea kidole na waya wake, nikapiga magoti kwa Mzee Egidi. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Alikuwa amesikia yote.

"Hapana," akasema.

"Mzee, sina muda wa kukubembeleza."

"Kuna mtu yuko mezani kule zahanati. Hawawezi kumaliza bila hizo picha. Unajua."

"Ndani ya nyumba ya pampu wako mia tatu na arobaini."

"Unawajua?"

"Mmoja namjua."

"Huyu wa mezani humjui," akasema. Kila neno lilimgharimu. "Ndiyo maana unaweza."

Niliushika mkono wake wa kulia. Akaukunja ngumi, akaibana kifuani na kuifunika kwa mkono wa pili, kidonda akakiacha wazi, damu ikaanza kutiririka.

"Mwalimu," nikaita. "Njoo umshike huu mwingine."

"Siwezi."

"Umeweza kumpiga risasi."

Alikuja. Alilia huku akivuta, lakini alivuta. Mzee Egidi hakupiga kelele. Alikuwa mtu aliyenifundisha kazi, aliyenibebea mwanangu wa pili hadi makaburini kwa sababu baba yake alikuwa safarini. Nilimfungua ngumi kidole kimoja kimoja, kama ninavyomnyang'anya mtoto wembe. Kidole cha shahada kilikataa. Nilikirudisha nyuma mpaka kikavunjika. Kile gumba nikakibandika kwenye kisomea na kukikandamiza.

Mashine ilisita. Moyo wake ulikuwa unapiga kidogo sana. Nilimwinamia nikamwambia sikioni, "Pumua, Mzee. Pumua mara moja tu." Sijui kama alipumua kwa ajili yangu au kwa mazoea. Taa ikawa ya kijani.

Maiti namba 124 ilitoka kwa nusu sekunde. NIMEPOKEA, akasema Kreventina.

Nikarudi kitini. 125, 126, 127. Ukungu ulifika kwenye uzio. 128, 129, risiti moja moja. 130 ilikosa jibu, nikaituma tena, nikaituma tena, ikapata jibu. Nguzo ya pili ya uzio ikapotea. Ilibaki bahasha nyekundu.

Sikazwe alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono yake imejaa damu ya Mzee Egidi.

"Na kama inasema wachome?"

"Basi nimewachoma mimi."

"Hutaki kujua kwanza?"

"Nataka kuliko wewe," nikasema, na nikaituma.

Nguzo ya kwanza ikapotea. Kioo kilibaki kitupu. Nilihesabu kimoyomoyo kama ninavyohesabu kati ya uchungu na uchungu. Nilipofika kumi na nane, nuru hafifu ya kijani ilipenya mahali palipokuwa bado na upenyo.

NIMEPOKEA 131.

Halafu ukungu ukafunga.

* * *

Mzee Egidi alikuwa amekufa nilipogeuka. Sikumwona akienda. Nilimfunga macho, nikamnyoosha kile kidole kilichovunjika na kukifunga na kile cha kando yake kwa kipande cha pazia, jambo lisilo na maana yoyote, lakini nililifanya.

Sikazwe alimfunika shemeji yake kwa turubai la jenereta. Kisha tuliketi. Alipoomba maji nilimpa. Alipoiweka bastola mezani nilimwambia aitoe pale, ni mahali pa kulia chakula, naye akaiweka sakafuni.

Ukungu uliondoka saa kumi na robo, wote kwa mara moja, kama shuka linapovutwa kitandani. Bonde lote lilikuwa chini yetu, mashamba ya mpunga, mto, na moshi mwembamba kando ya nyumba ya pampu. Safari hii hodi ilitoka kule.

Nikajibu karibu, nikataja namba yangu. Maneno ya ukingoni yakaja, mafupi, kwa mkono uleule wa kupalilia, ila mzito zaidi.

FISI WALISIMAMA SAA TISA NA DAKIKA KUMI NA SABA.

Kisha: WALIKUWA WAMESHATOBOA MLANGO. WAMEKUFA AROBAINI NA MMOJA.

Sikazwe akashika ukingo wa meza. "Majina. Muulize majina."

"Yapo kwenye foleni. Yanakuja kwa namba."

"Muulize mke wangu tu."

"Watu arobaini na mmoja wana ndugu, Mwalimu. Yanakuja kwa namba." Nilisema hivyo mimi, mwenye mikono iliyoichoma 124.

Kreventina alikuwa bado anaandika. SKOLA WAKO YUPO HAPA. ANANIFUNGA BEGA. ANASEMA USILIE.

Sikulia. Nilitaka kuweka paji la uso mezani kwa muda kidogo, nikaweka. Bati lilikuwa baridi. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mstari mwingine kwenye kioo, na huu haukuwa wa ukingoni. Ulikuwa na bahasha yake, nyeupe, mstari wa bluu, kutoka zahanati ya Kisanda kwenda kwa opereta wa zamu, Itwiko. Bahasha ya kwanza katika miaka kumi na tisa iliyoandikwa kwangu, kwa hiyo niliruhusiwa kuifungua.

124 IMEFIKA TUPU. MGONJWA AMEFUNGULIWA, YUPO MEZANI. RUDIA 124 HARAKA.

Nje, Sikazwe alikuwa ameanza kuchimba kwa sepetu ya kituo. Nilisikia ikigonga mawe. Nilifungua daftari la zamu kwenye safu ya waliofariki kazini, ambayo tangu niajiriwe ilikuwa haijawahi kuandikwa neno. Niliandika Desderi Mwanisenga. Niliandika Egidi Sichilima. Nilimwandika Malongo, jina moja, kwa kuwa la pili sikuuliza. Chini yake niliandika 124.

Kisha nikavuta kibao cha herufi. Ningeweza kuandika imeharibika. Vidole viwili vilikuwa vimeshaapa hivyo, mwenye kimoja hayupo, na hakuna mkaguzi ambaye angeuliza. Kule chini daktari alikuwa amesimama juu ya tumbo lililo wazi la mtu ambaye sikumjua, akingoja picha ambazo nilizichoma, na kadiri nilivyochelewa ndivyo alivyoendelea kuzingoja.

Niliandika: USISUBIRI. 124 HAIPO TENA POPOTE. ILIKUWA NZIMA. NIMEIUA MIMI. DAFROZA KAPELE.

Nikabonyeza. Hewa ilikuwa safi, haikuchukua hata sekunde.

NIMEPOKEA, ikajibu ng'ambo, na kwa mujibu wa sheria nikafuta nakala yangu.